Mpishi wa Kwa Elfiki Anakwenda Kwao

Ukitoka Kawangware ukashika njia ya Riruta Satellite, utakutana na ukuta mrefu wa mawe, juu yake maua, na ndani ya maua vipande vya chupa. Nyuma ya ukuta huo kuna jumba la vyumba kumi na tisa ambalo Mzungu mmoja, Bwana Elphick, alilijenga zamani ili akae humo na mke wake, watoto wawili na mbwa wanne. Siku hizi ni makumbusho. Watu wa Kawangware hawana muda wa kubembeleza majina ya Wazungu, kwa hiyo wanapaita Kwa Elfiki. Mwulize yeyote kuna nini mle ndani, atakujibu kabla hujamaliza swali: kuna mashetani.

Na mashetani hayo, haki ya Mungu, yalikuwa na mtu aliyeyatunga. Jina lake Muia.

Muia alikuwa mwana wa Kitui, mpangaji wa Kawangware, mwongoza wageni mwenye sauti ya mhubiri na viatu vilivyokwisha kisigino upande mmoja. Alikuwa amefanya kazi pale miaka sita kama kibarua, na kila Desemba aliambiwa kwamba barua yake ya kazi ya kudumu iko njiani. Jamani, barua gani hiyo ya kutembea miaka sita? Konokono angekuwa ameshafika, amepumzika, na ameitishwa chai. Lakini safari hii ilikuwa imefika kweli. Mkurugenzi wa makumbusho, Daktari Wainaina, alikuwa amemwonyesha barua yenyewe, imepigwa chapa vizuri, jina lake limeandikwa bila kosa, pengo moja tu chini la kutia sahihi.

"Jumamosi wafadhili wanakuja saa sita," Daktari alimwambia. "Wakiridhika na mizimu, natia sahihi hapo hapo. Wasiporidhika, sisi sote tutaenda nyumbani."

Kwa "sisi sote" alimaanisha Muia, maana yeye Daktari alikuwa na kazi nyingine mbili. Udaktari wake ulikuwa wa nini, hakuna aliyewahi kuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujitangaza kwa mambo kama hayo.

Zamani, kabla ya mizimu, waliokuja Kwa Elfiki ni watoto wa shule tu, wanaletwa kutazama viti vya Mzungu wasivyoruhusiwa kuvikalia. Basi akaajiriwa mshauri. Mshauri akala chakula cha mchana pale wiki mbili, akaandika ripoti nene yenye neno moja la maana: nyumba haina msisimko. Muia akapewa siku saba atafute msisimko. Akaanza na Bibi Elphick, mke wa mwenye nyumba, akamweka ghorofani anatembea na gauni jeupe. Bibi mwenyewe alifia Uingereza kwa uzee, kitandani mwake, lakini mshauri alisema hiyo si hoja. Halafu akatunga mzimu wa pili, wa mpishi, akauweka kule chini jikoni. Unaona hapo? Hata katika kufa, Mzungu alipewa ghorofa na mpishi akabaki mlango wa nyuma.

Mzimu usio na jina hauna soko, kwa hiyo Muia alimtafutia mpishi wake jina. Alilipata nyuma ya picha kuukuu iliyotundikwa jikoni, mtu wa kanzu nyeupe ameshika sinia, kumeandikwa kwa wino: Mukhwana, mpishi, Kimilili. Hadithi yenyewe ilikwenda hivi. Mukhwana alilewa wiski ya bwana wake, akapanda ngazi kubwa na bakuli la supu, akakosea hatua, akavunjika shingo. Tangu siku hiyo sahani hulia zenyewe kabatini. Kwa kweli sahani zililizwa na Nzuki, mtunza bustani, ambaye alijibana nyuma ya ukuta wa jikoni na kuvuta uzi wa kuvulia samaki kila Muia alipokohoa.

Muia alijua kwamba mpishi hakufa hivyo. Mama Wangoi, mwenye nyumba aliyopanga kule Kawangware, alikuwa amemwambia ukweli miaka miwili nyuma, kwa sababu mama yake mzazi alipiga pasi nguo za akina Elphick. Muia alisikiliza, akasikitika, akalala, na asubuhi akaendelea na ngazi. Wageni walikuwa wameshazizoea.

Basi Jumamosi ya wafadhili ikafika. Saa nne asubuhi Muia alikuwa anapangusa vumbi kwenye picha za mbwa wa Elphick, Everlyne wa tiketi alipomwita kutoka dirishani kwake.

"Muia, hebu kuja. Kuna watu hapa wanasema wamekuja kuchukua mtu wao."

"Mtu gani?"

"Wanasema mpishi."

Walikuwa watatu. Mbele alisimama bibi mfupi wa miaka sabini na saba, sweta ya kanisani, kitambaa kichwani, mkononi ameshika tawi lenye majani mabichi lililofungwa kwa gazeti. Pembeni yake alikuwepo mwanamume wa makamo amevaa koti la harusi za watu, na nyuma yao msichana na simu yake.

"Ndio huyu!" msichana akaruka, akamvuta bibi sweta. "Kukhu, ndio huyu msee wa video! Wueh, hata shati ni ile ile!"

Mwanamume akampa Muia mkono. "Sasa, ndugu yangu. Mimi naitwa Khaemba, ni fundi wa vitanda hapo Kibera, Soweto East. Huyu ni binti yangu Joan. Na huyu ni shangazi yangu, Nasipwondi, binti wa Mukhwana."

"Mukhwana yupi?" Muia aliuliza, ingawa alikuwa ameshajua.

"Si huyu wenu! Babu yangu. Joan ameona video yako kwa simu, unataja jina, unataja Kimilili, unaonyesha na picha. Shangazi akalia siku mbili. Tulijua tu alikufa Nairobi, mwaka wa hamsini na mbili, lakini wapi, hakuna mtu alituambia. Tumemtafuta mpaka wengine wakazeeka wakakufa wakimtafuta. Kumbe mko na yeye hapa, karibu hivi, na mimi nimekaa Kibera miaka ishirini!" Akautikisa tena mkono wa Muia. "Asante sana kwa kumtunza."

Muia alikuwa ametukanwa na wageni wa kila kabila na hakuwahi kukosa jibu. Shukrani hii aliijibu kwa kuangalia viatu vyake.

"Basi la kwenda Kimilili ni jioni," Khaemba akaendelea. "Tumeshalipia viti vinne."

"Lakini nyinyi ni watatu," Everlyne akasema dirishani.

"Na yeye atakaa wapi?" bibi akamwuliza. "Juu kwa keria, na mizigo?"

Usicheke. Kwao, na kwa wengi wetu tukiacha kujifanya, mtu aliyefia ugenini asipofuatwa hubaki amesimama pale pale alipoangukia, kama mgeni aliyepotelewa na namba ya simu ya mwenyeji. Mnamwendea, mnamwita kwa jina pale pale, anaingia kwenye tawi, mnambeba, mnamlipia kiti kama mtu mwingine. Hakuna la kuogopesha hapo, ni mambo ya usafiri. Hata kwao Muia, Kitui, mfu huitwa pale alipolala, si hatua kumi pembeni, na Muia alilijua hilo vizuri kuliko alivyotaka.

Akapiga hesabu ya haraka kichwani. Wafadhili ni saa sita. Sasa ni saa nne na nusu. Awapeleke kwenye ngazi, bibi aite, wamalize, waende zao, na kila mtu afurahi. Kwani tawi litamwambia nani? Akawaingiza bila tiketi, akawapitisha jikoni kwa kuwa ndiyo njia ya mkato.

Makosa yalikuwa ni vumbi. Lilimwingia Muia kooni, akakohoa. Nyuma ya ukuta Nzuki, mtumishi mwaminifu, akavuta uzi, na sahani zote za akina Elphick zikalia kwa pamoja.

Kwa kawaida hapo wageni hupiga kelele, mwingine humrukia mumewe. Bibi Nasipwondi aliweka tawi mezani, akalisogelea kabati, akaweka kiganja chake kwenye mlango.

"Papa?" akasema. "Ni wewe? Ni mimi. Nimekuja."

Nzuki alikuwa amevuta uzi ule miaka yote hiyo na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumjibu. Wakasikia kitu kinaanguka nyuma ya ukuta, kisha Joan, aliyekuwa karibu na dirisha, akaona mwanamume wa ovaroli anakatiza bustani mbio, amepoteza kiatu, anaelekea geti. Mzimu wenyewe uliingiwa na hofu ya mizimu.

"Amenyamaza," bibi akasema, machozi yakimtiririka. "Amenisikia." Akamshika Muia mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akubariki, kijana. Wewe umekaa na yeye wakati sisi hatukuwepo."

Muia aliona aibu iliyomchoma masikio. Mwizi wa kuku angalau hashukuriwi na mwenye kuku.

Daktari Wainaina aliwakuta hapo hapo. Everlyne alikuwa amempigia simu. Alisikiliza maelezo ya Khaemba mpaka mwisho, akivua na kuvaa miwani, kisha akavuta pumzi ya ofisini.

"Poleni sana kwa msiba wenu," akasema, "ingawa ni wa zamani kidogo. Tatizo ni kwamba huyo mzee si wenu tena. Mzimu ni turathi. Yumo kwenye orodha ya mali ya nyumba hii, yumo kwenye kijitabu, yumo kwenye ubao wa geti. Hatuwezi tu kumtoa hivi hivi."

"Ni baba yangu," bibi akasema.

"Sikatai, Mama. Lakini una hati? Utaandika barua, nakala tatu, iende kwa bodi. Bodi inakaa Novemba."

"Daktari, basi ni la leo jioni," Khaemba akasema.

Daktari akafikiri. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli, alikuwa mtu wa ofisi tu. "Naweza kuwasaidia hivi. Tuwaazime. Mwezi wa nne na wa tano, mvua ikinyesha, wageni ni wachache. Mnamchukua, anakaa na familia, mnamrudisha kabla ya shule kufungwa. Agosti na Desemba siwezi, hiyo ni misimu yake ya kazi."

"Baba yangu alipewa likizo mara moja kwa mwaka na Mzungu," bibi akasema polepole. "Wewe unampa miezi miwili. Nashukuru. Lakini nimengoja tangu nikiwa na miaka mitano, na sitarudi kungoja Novemba. Nionyesheni alipoangukia."

Na kama ilivyo desturi ya balaa kutembea na ndugu zake, honi ikalia getini. Wafadhili walikuwa wamewahi. Walishuka wanane, wamevaa kofia pana na viatu vya kupandia milima, kana kwamba Kawangware kuna simba. Daktari akabadilika uso papo hapo. Akamvuta Muia pembeni, akagusa mfuko wa koti ambamo ncha ya bahasha ilichungulia.

"Familia iko hapa, sawa, tuitumie. Itapendeza. Lakini wewe toa hadithi kama ilivyo kwenye kijitabu. Kama ilivyo, Muia. Leo ndiyo leo."

Wakakusanyika wote chini ya ngazi kubwa, wafadhili upande huu na simu zao, watu wa Kibera upande ule na tawi lao. Muia alipanda hatua tatu kama alivyozoea. Aliitazama bahasha. Alifikiria miaka sita ya kuitwa kibarua, na jinsi angeipeleka barua ile Kitui na kumpa mama yake aishike kwa mikono yake. Akaanza.

"Siku moja mwaka wa hamsini na mbili, mpishi Mukhwana, akiwa amelewa wiski ya bwana wake..."

"Nani amelewa?" bibi akauliza.

Daktari akatabasamu kwa wafadhili. "Endelea, Muia."

"Akiwa amelewa, shosho... alipanda ngazi hii na bakuli la supu..."

"Baba yangu alikuwa wa Kanisa la Marafiki," bibi akasema. Hakupandisha sauti. "Hao hawakunywa. Hata busaa ya harusi yake mwenyewe hakuonja, watu wakamcheka mpaka akapewa jina la Maziwa." Akaitazama ngazi ndefu ile iliyong'arishwa, hatua moja moja mpaka juu. "Lakini ugenini ni ugenini. Kama alikunywa, basi alikunywa. Nitamchukua hivyo hivyo. Alianguka hatua ya ngapi?"

"Ya saba," Muia akasema, kwa sababu ndivyo kijitabu kilivyosema.

Bibi akapanda. Khaemba alimshika kiwiko. Magoti yake yalilia kila hatua, na wafadhili wakampisha kwa heshima huku wakirekodi. Kwenye hatua ya saba aliinama, akafungua gazeti, akalaza tawi juu ya mbao, akakohoa kidogo ili kusafisha sauti ya kumwita baba yake.

Hapo Muia alishindwa. Alikuwa amewadanganya wageni wa nchi arobaini, lakini huyu bibi alikuwa anamsamehe baba yake dhambi ambayo yeye Muia ndiye aliyemtwika, na alikuwa karibu kusafiri usiku kucha hadi Kimilili na tawi tupu kwenye kiti cha kulipiwa.

"Si hapa, shosho," akasema.

"Muia," Daktari akasema.

"Si hapa. Na hakunywa. Hiyo wiski nilimpa mimi."

"Muia, hiyo haimo kwenye kijitabu!"

"Najua haimo. Kijitabu niliandika mimi." Akashuka zile hatua tatu, maana maneno haya hayakuwa ya kusemwa kutoka juu. "Sukari ilipotea jikoni. Bibi Elphick akasema Mukhwana ameiba. Mukhwana akasema hajaiba. Bibi Elphick akamfungia kwenye stoo ya makaa mpaka akubali. Ilikuwa Ijumaa. Jioni akina Elphick wakaenda Nakuru kutazama mbio za farasi, na ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wa bibi huyo. Wakarudi Jumatatu. Mama wa mama mwenye nyumba yangu alikuwa dobi hapa, alimsikia akigonga Jumamosi yote. Alitafuta wa kuvunja mlango, kila mtu akaogopa kazi yake. Jumapili hakugonga tena." Muia alipangusa uso kwa mkono wa shati. "Sukari ilikuwa kabati lingine. Bibi Elphick mwenyewe aliihamisha, akasahau. Ndiyo wakasema ameanguka ngazini."

Joan alikuwa ameacha kurekodi. Mfadhili mmoja alimnong'oneza mwenzake amtafsirie. Daktari alikuwa amefumba macho kama mtu anayesubiri sindano.

Bibi akaliokota tawi. "Umejua tangu lini?"

"Miaka miwili, shosho."

"Na ulikuwa unamlewesha kila siku?"

"Mara tatu kwa siku. Jumamosi nne."

Alimtazama sana. Muia angependelea apigwe kofi. "Nipeleke," bibi akasema.

Stoo ya makaa sasa ilikuwa duka la zawadi. Hilo ndilo jambo ambalo Muia alikuwa amelikwepa njia nzima. Daktari alikuwa amepaka kuta rangi ya maziwa na kuweka rafu, na kwenye rafu kulikuwa na vikombe hamsini na kitu vyenye picha ya mpishi mlevi, macho yamemtoka, chupa mkononi. Khaemba aliingia wa kwanza, akavitazama. Alikuwa mtu mpole, fundi wa vitanda, lakini taya lake lilicheza. Kisha akaanza kuvigeuza, kimoja kimoja, picha itazame ukuta. Joan akaanza upande wa pili. Muia akaanza wa tatu. Wakaendelea mpaka kikombe cha mwisho.

Bibi akampa Khaemba tawi, akakaa sakafuni. Alianza kwa Kibukusu, akarudi kwa Kiswahili, kwa sababu, alisema, baba yake alikuwa amekaa na Kiswahili cha jikoni muda mrefu na huenda ndicho alichozoea.

"Papa. Ni mimi Nasipwondi, yule uliyemwachia ahadi ya viatu. Nimeshavaa viatu, usijali tena hilo. Mama alikungoja mpaka akachoka, tumemlaza upande wa chini wa nyumba, nafasi yako iko pembeni yake. Kaka yangu Walubengo naye amekufa, lakini mtoto wake ndiye huyu amebeba tawi. Simama. Mlango uko wazi, nimeushika mimi mwenyewe. Hakuna mtu anatafuta sukari tena."

Alingoja kidogo, kama unavyomngojea mzee atafute fimbo yake. Kisha akaitikia kwa kichwa, akanyoosha mkono, Khaemba akamwinua. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Muia alikuwa analia, na Everlyne aliyekuja mbio kutoka kwenye tiketi alikuwa analia, na wafadhili pale mlangoni baadhi yao walikuwa wanalia.

Halafu wafadhili wakapiga makofi.

Walipiga kwa nguvu, kwa moyo wote, mmoja akapiga na mluzi. Daktari Wainaina akafumbua macho. Uliwahi kumwona mtu anarudishiwa mkoba wake na pesa zote zimo ndani? Ndivyo alivyokuwa.

Bibi hakuwasikia, au alikataa kuwasikia. Alikuwa anapanga safari. "Khaemba, wewe mbele na tawi. Mimi na Joan nyuma yako. Halafu mwachie mzee nafasi, ni mtu mrefu. Na nyuma yake lazima awe mtu, asijione ameachwa." Akamgeukia Muia. "Wewe. Umemsengenya sana, lakini ndiye jirani aliyekuwa naye. Jirani humsindikiza mgeni. Mtasindikizana mpaka barabarani. Anayetembea nyuma haongei, haitiki, hageuki. Akigeuka, mzee atafikiri kuna kitu amesahau ndani, na atarudi kukitafuta. Umenielewa?"

"Nimeelewa, shosho."

Wakatoka kwa mlango wa mbele. Everlyne aliufungua pande zote mbili, mlango ambao Mukhwana hakuwahi kuupita alipokuwa hai. Khaemba mbele, tawi limeinuliwa, bibi na Joan, kisha nafasi ya mtu mmoja mrefu, kisha Muia na viatu vyake vilivyolala upande. Njia ya kutoka jumbani hadi getini ni ya changarawe, hatua kama mia na hamsini.

Walikuwa wamekwenda hatua thelathini hivi Muia aliposikia mbio nyuma yake.

"Muia!" Daktari aliita, anahema. "Muia, wamependa! Wanatoa pesa za miaka mitatu! Wanataka hii, hii yenyewe, kila Jumamosi saa sita! Rudi uwaambie familia itakuwa inakuja!"

Muia akatembea.

"Kama bibi hataki, tutatafuta bibi mwingine! Kibera imejaa! Muia, wanataka kusikia kwako wewe, wewe ndiye unajua kuongea. Sema ndiyo tu, basi!"

Changarawe ikalia chini ya miguu. Mbele, bibi alikuwa anamwambia Khaemba apunguze mwendo, mzee ametoka kulala.

"Nimetia sahihi!" Daktari akapaza sauti. Karatasi ikasikika ikifunguliwa. "Sikiliza! 'Tunafurahi kukuajiri kwa masharti ya kudumu, kuanzia tarehe mosi...' Muia, ni jina lako hili! Usipogeuka naichana. Mbele ya hawa watu, naichana!"

Muia aliitaka barua ile. Tusimfanye malaika. Aliitaka kama alivyoitaka jana na juzi, na shingo yake ilikuwa nzito upande mmoja kana kwamba mtu anaivuta kwa kamba. Alikaza macho kwenye ile nafasi iliyo wazi mbele yake, kati yake na sweta ya bibi, akaogopa kuikaribia sana asije akamkanyaga mtu. Geti lilikuwa limebaki hatua ishirini.

Daktari aliita mara ya nne, na sasa alikuwa anautaja mshahara wenyewe, na posho ya nyumba, na bima ya hospitali ya mama. Muia alilia kwa sauti, mbele za watu, kama mtoto anayeachishwa ziwa, lakini hakugeuka.